Kuaga Si Usaliti
Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, alikuwa ameshakwenda na bendi hiyo hadi Expo 70, Osaka. Leo Moro inajivunia bendi zote mbili. Sasa niambieni, kwa nini mchoraji akijitoa kwenye kikundi chetu anaitwa msaliti hata kabla hajamaliza kuaga? Kikundi si ndoa, jamani! Amalize kazi aliyoahidi, arudishe hela ya rangi aliyoshika. Wale wadogo aliokuwa akiwafundisha kuichora Uluguru awaambie mwenyewe, wasisikie kwa watu. Kutukana usiku halafu kupotea, hapana. Na sisi tunaobaki, jina lake tuliache pale pale chini ya michoro yake.