Usilaumu Stima, Fungua Sanduku Lako

Wasee, wacha niseme kitu kitaudhi mafundi wengine. Mashine nyingi za CNC tunazojiundia huku hazina shida ya mota wala kompyuta. Shida ni vile tumepanga waya. Na tunajua, ndio maana kwa video zetu huoni ndani ya sanduku.

Mimi najua kwa sababu nimelipia. Nilikuwa Migori nachonga bango la mbao la mama anayeuza samaki Homa Bay, ashatuma nusu ya pesa. Mashine ikafika herufi ya mwisho, ikasimama. Kwa skrini: ALARM:1. Maana yake swichi ya mwisho wa reli imeguswa, na kichwa kiko katikati ya meza! Nikaweka ubao mwingine, ikarudia. Mbao mbili zimeenda, mama anapiga simu. Nikafanya kile sisi wote hufanya: nikalaumu stima.

Stima haikuwa na makosa. Nilikuwa nimefunga waya zote pamoja kwa kamba za plastiki, fungu moja linapendeza macho. Ndani yake: waya wa 240V wa ruta, waya za mota, na kawaya kembamba ka swichi. Sasa fikiria. Brashi za kaboni kwa ruta zinatoa cheche. Draiva za mota zinawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila badiliko linasukuma umeme kidogo kwa waya jirani. Kwa Arduino Uno, rezista ya ndani inayoshikilia pini ya swichi ni 20 hadi 50 kΩ, dhaifu sana. Hapo waya mrefu unageuka antena, na kontrola inaamini swichi imeguswa.

Dawa haikuwa ghali. Vitu vya fujo, yaani saplai ya 24V, draiva na waya za 240V, nikavipeleka upande mmoja wa sanduku. Kontrola ikakaa upande ule mwingine peke yake. Waya za swichi zikapata njia yao, na pale lazima zikutane na za mota, zinakatana kwa digrii 90, hazitembei sambamba. Kila jozi ya swichi nikaisokota, nikaongeza rezista ya 1 kΩ hadi 5V na kapasita ya 0.1 µF karibu na pini. Swichi nikazifanya ziwe zimefunga muda wote na zifunguke zikiguswa, kisha kwa GRBL nikaweka $5=1. Sasa hata waya ukikatika, mashine inasimama.

Halafu ethi. Hapa ndio naudhika kabisa. Nyumba niliyokuwa nimepanga ilikuwa na soketi za matundu matatu, lakini tundu la ethi halikuunganishwa na kitu. Omera, hiyo ni urembo tu! Kazi ya kwanza ya ethi ni uhai wako: fremu ya chuma ikiguswa na waya wa 240V, fyuzi ikatike kabla wewe upigwe. Hiyo usijaribu mwenyewe, ita fundi wa stima mwenye leseni apime. Ikishakuwa sawa, leta ethi ya fremu, sanduku na saplai kwa boliti moja, usizipitishe kwa mnyororo.

Kuna mtu atasema, "Si ununue tu kontrola ya bei?" Sawa, zingine zinatenganisha umeme kwa mwanga na zinasaidia. Lakini ukizifunga kwa fungu lile lile, unalipa pesa kurekebisha kitu ambacho mpangilio ungekurekebishia bure.

Najua pia ile ingine: "Hiyo ni ya mainjinia." Mimi niliacha chuo kabla hili somo linifikie, nikalilipia karo kwa mbao mbili. Sisemi chuo ni bure. Nasema kelele ya umeme haiulizi una digrii, na mteja pia haulizi. Mama alitaka bango. Alilipata siku nne baadaye kuliko nilivyoahidi, na hizo siku nne ni jina langu.

Kwa hivyo kabla uposti tena bidhaa inang'aa, piga picha ya ndani ya sanduku lako. Kama unaona aibu kuiposti, ushajua pa kuanzia.