Shimo la huku njo linalisha jamaa ya Uganda

Watu wakisema "diaspora", wengi wetu tunafikiri juu ya watu wa Nijeria. Kijana wa Lagos anaenda London ao Houston, anatumika usiku na mchana, kisha anatuma franga kwao. Banki ya Dunia inahesabu karibu miliari 20 za dola zenye kuingia Nijeria kila mwaka kwa njia ile. Mama anajenga nyumba, mdogo anasoma, mjomba anafungua duka.

Butembo pia iko na watoto wa namna ile. Wako Guangzhou, Dubai, Bruxelles, Montréal. Lakini katika jamaa za wachimbaji mambo iko kinyume. Kwetu, mwenye kuwa inje hatumi, anatumiwa. Ni shimo la Manguredjipa njo linalipa nyumba ya kupanga kule Nsambya, vitabu vya mtoto kule Kasese na unga wa bibi kule Kyangwali. Sisi wa sendika tunasema hivi: jamaa ile ya Uganda ni sehemu ya kazi yetu. Tukihesabu mapato ya mchimbaji bila kuihesabu, tunahesabu uongo.

Baba anabaki, jamaa inavuka

Tunajua wote namna ilianza. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji ya ADF kandokando ya Beni yalifukuza watu mashambani. Kisha Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na haikuisha mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ikiacha watu 2 287 wamekufa. Mwezi wa tano 2021 Leta iliweka hali ya dharura, na mwisho wa mwaka ule jeshi la Uganda liliingia kusaidia jeshi letu. Mwaka 2024 ADF walifika hata mu sekta ya Bapere, karibu na machimbo yetu wenyewe. Upande wa kusini, M23 walikamata Kanyabayonga katikati ya 2024, na Goma mwezi wa kwanza 2025.

Kila mara jamaa zilifanya hesabu moja: bibi na watoto wavuke Kasindi, baba abaki, juu kazi iko huku. Mwenye kuacha shimo lake hata mwezi mmoja, akirudi anakuta wengine ndani. Njo maana katika Wakongomani zaidi ya nusu milioni wenye kukimbilia Uganda, wanawake na watoto ni wengi sana.

Uganda ilitupokea vizuri kuliko inchi nyingi. Sheria yake ya wakimbizi ya 2006 inaruhusu mkimbizi kutumika na kutembea inchini. Wa kwetu wako pia na bahati ya luga: Mukonjo wa Kasese na Munande wa Butembo wanasikilizana bila mtafsiri. Lakini ruhusa ya kutumika si kazi. Kampala, mama mwenye kuwa na diploma ya ualimu anatembeza vitenge na bijou mlango kwa mlango. Mwenye kukaa mjini kwa kawaida hapati chakula cha msaada. Chakula ni cha wale wa kambini, kama Nakivale, Kyaka II ao Kyangwali.

Msaada umekatwa, mzigo umerudi kwetu

Hata wa kambini sasa wako mu taabu. Mwaka 2023 PAM iligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: wenye shida kubwa, wenye shida ya kati, na wale walioambiwa wanaweza kujitegemea, ambao waliondolewa. Mwaka 2025 franga za wafadhili zilipunguka tena, na PAM ikakata msaada kwa wakimbizi karibu milioni moja. Shamba lenye mkimbizi anapewa ni dogo, na kila mwaka watu wanazidi kuja.

Nani analipa tofauti? Magazeti ya Ulaya yaliandika juu ya wafadhili. Hakuna aliyeandika kama simu ya jioni ile ililia mfukoni mwa mtu mwenye kutoka kwenye shimo na udongo mpaka kwenye masikio. Bibi anasema: "Baba Kambale, kuanzia mwezi huu hawatatupa kitu." Baba anajibu: "Sawa, nitaona." Neno lile "nitaona" maana yake ni kushuka tena kesho, hata kama mvua imenyesha usiku na mbao za shimo zimelegea. Tunasema wazi: wakati msaada unakatwa kule, mchimbaji anaingia mahali ambapo mwaka jana alikataa kuingia. Ni jambo la usalama wa kazi, na wakubwa wa mashimo wanapaswa kulisikia hivyo.

Mtu atasema: lakini zahabu imepanda. Ni kweli. Mwezi wa kumi 2025 onsi moja ilipita dola 4 000 kwenye soko la dunia, ni kusema zaidi ya dola 125 kwa gramu moja safi. Lakini bei ile si ya mwenye kuchimba. Kabla afikie franga yake, kuko sehemu ya PDG wa shimo, deni la chakula na mafuta ya pompi, mizani ya mununuzi, na vizuizi vya njiani. Bei ikipanda Dubai leo, kwetu inafika polepole. Ikishuka, inafika siku ileile.

Na zahabu yetu inapita njia moja na watoto wetu. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliwekea vikwazo nyumba mbili za Kampala, Machanga na UCI, juu ya kununua zahabu ya wenye silaha wa Kongo. Miaka imepita, na leo zahabu imepita kahawa katika vitu Uganda inauzisha inje, hata kama machimbo yake yenyewe hayatoshi kwa wingi ule. Zahabu inavuka mpaka bila karatasi. Bibi wa mwenye kuichimba anapiga mustari siku nzima juu ya karatasi moja.

Franga inapotea wapi njiani

Tuangalie sasa njia ya franga, juu pale kuko kitu tunaweza kutengeneza sisi wenyewe. Mchimbaji anatoa dola kwa ajenti wa telefone, ajenti anakata. Mtu wa kubadilisha anageuza kuwa shilingi za Uganda, anakata. Ajenti wa Uganda anatoa, anakata. Juu ya ile yote, tangu 2018 Leta ya Uganda inakamata kodi ya 0,5 kwa mia kila mara mtu anatoa franga kwenye telefone: ukitoa shilingi 200 000, kodi ni 1 000.

Bei ya ma-ajenti inaenda kwa ngazi, na franga kidogo njo inalipa zaidi. Kutuma mara ine kwa mwezi ni kulisha ma-ajenti. Tuma mara moja, na mpatane na jamaa tarehe ya kutuma. Wanne ao watano wenye jamaa mu muji moja wanaweza kuunganisha franga zao na kutuma kwa mama mmoja mwenye wote wanamwamini. AVEC za wamama wa Butembo zinafanya namna ile kwa akiba. Sisi pia tunaweza.

Jambo la pili ni jina la telefone. Wamama wengi kule wanatumia namba ya jirani. Siku jirani anahama ao anafunga simu, franga imekwenda, na hakuna wa kushitaki. Tangu 2019 Uganda inakubali mkimbizi aandikishe laini kwa karatasi yake ya ukimbizi. Bibi aandikishe laini kwa jina lake.

Jambo la tatu ni masomo. Kwetu mwaka wa masomo unaanza mwezi wa tisa. Uganda unaanza mwezi wa pili, na kuko vipindi vitatu, kila kimoja na malipo yake. Mwenye kungojea mwezi wa tisa kama vile mtoto anasoma Butembo, atakuta mtoto amefukuzwa tangu mwezi wa pili. Mtoto mwenye kutoka kwenye kifaransa wanaweza kumrudisha darasa moja ao mawili nyuma juu ya kiingereza. Wazazi wasimpige, si ujinga. Na tusidanganyane kama kule ni salama kabisa: tarehe 16 mwezi wa sita 2023, ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu na mpaka, na zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wanafunzi.

Karatasi zenye watu wanachezea

Hapa tunaomba jamaa zisikilize vizuri, juu kosa la karatasi linaweza kugharimu kuliko kosa la franga.

Moja, kuzaliwa kwa mtoto. Sheria yetu ya jamaa inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye état civil, na ni bure. Wengi wanakimbia na watoto wasioandikwa popote. Mtoto mwenye kuzaliwa Uganda anaweza kupata cheti cha kuzaliwa kule, lakini kile cheti hakimfanyi kuwa mwanainchi wa Uganda. Kichunge hata hivyo: njo ushahidi wa wazazi wake ni nani.

Mbili, pasipoti. Mapatano ya wakimbizi ya 1951 yanasema kama mwenye kurudi kwa mapenzi yake chini ya ulinzi wa inchi yake anaweza kupoteza ukimbizi. Kukamata pasipoti ya Kongo wakati uko na karatasi ya ukimbizi kunaweza kuhesabiwa hivyo. Mwenye kuhitaji kusafiri aulize kwanza karatasi ya safari yenye inchi ya ukimbizi inatoa.

Tatu, kujiita Mukonjo ili kupata kitambulisho cha Uganda. Luga inasaidia, tunajua. Lakini Katiba yetu, kwenye artikle ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Kijana akikamata wa kule, siku moja huku watamuuliza.

Nini iko na maana kwa mchimbaji? Hii: Kodi ya Machimbo inasema karte ya kuchimba ni ya Mkongomani mwenye kutimiza miaka, na tangu 2018 anapaswa kuwa mu kooperative. Kwetu, watu wanahakikisha uraia kwa karte ya mchaguzi. Wakati wa kuandikisha wachaguzi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili 2022, watoto wetu wengi walikuwa Uganda. Leo kijana ametimiza miaka 19 ao 20, anarudi kusaidia baba, na hana karte. Kwenye kizuizi anaitwa mgeni, kwenye kooperative hawezi kuandikwa, na akichimba bila karte, yeye ni mwizi kwenye inchi ya baba yake.

Na mwaka 2023, Wakongomani wa inje walichagua mara ya kwanza katika inchi tano: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Canada, Marekani na Ufaransa. Uganda haikuwa ndani, wakati njo yenye Wakongomani wengi kuliko zote. Sisi wa Beni na Butembo tunajua ladha ya jambo lile. Mwisho wa 2018 uchaguzi wa kwetu ulisogezwa mpaka mwezi wa tatu 2019, na rais alikuwa amekwisha kuapishwa.

Tunaomba nini

Kwa kooperative na wakubwa wa mashimo: pale jina la mchimbaji limeandikwa, iandikwe pia jamaa yake iko wapi, na namba ya kuita. Shimo likianguka, bibi wa Kyaka II asisikie kwa mtu wa njiani nyuma ya wiki mbili. Na katika mchango wa kila mwezi, sehemu iwekwe pembeni kwa ajili ya kifo cha kule, juu kurudisha maiti mpaka Butembo kunafilisi jamaa kabisa.

Kwa komini na wakubwa wa Leta: kijana akirudi na cheti cha Uganda na ushahidi wa wazazi ao wa chefu wa kijiji, apokelewe na aandikwe. Asiombwe franga ya kununua uraia wenye alizaliwa nao.

Kwa CENI: Uganda iingie kwenye hesabu ya inchi za kuchagulia.

Na kwa jamaa zenyewe, mambo matatu kabla ya mwezi wa pili, wakati masomo ya Uganda yanaanza: laini ya telefone iwe kwa jina la bibi, cheti cha kila mtoto kiwe na kopi moja Butembo na moja kule, na tarehe moja ya kutuma ipatanwe. Mwenye kukosa namna ya kuandika aje kwenye sendika na majina ya watoto wake. Tutakaa naye na kuandika.