Rimu Zing'ae, Vidole Viungue?



Kila mmoja wetu anaijua ile picha inayotumwa nyumbani: mtu ameegemea gari, miwani ya jua usoni, na rimu za alumini zinameremeta kama sinia za harusi. Hatuna ugomvi na picha hiyo. Aliyebeba maboksi usiku kucha ana haki ya kuonyesha matunda ya jasho lake. Ugomvi wetu ni na dawa iliyozing'arisha rimu zile, na hasa tunauliza ni mikono ya nani iliyoishika.

Tunasema wazi tangu mwanzo. Dawa za kung'arishia rimu zenye asidi ya hidrofloriki hazina nafasi katika kazi ya kuosha magari. Mwenye kiwanja cha kuoshea magari anayemkabidhi kijana dawa hiyo katika chupa isiyo na lebo anafanya dhuluma. Mteja anayedai rimu zing'ae sasa hivi, tena kwa bei ya kutupa, anaichangia dhuluma hiyo. Na jumuiya zetu, zinazokutana kila mwezi kupanga michango ya harusi na misiba, ziliweke jambo hili kwenye ajenda kabla halijawa mchango wa msiba mwingine.

Jambo hili ni letu. Kazi ya kuosha magari kwa mkono huku ughaibuni ni kazi ya wahamiaji. Haidai cheti wala Kiingereza kingi, na mara nyingi hulipwa taslimu jioni. Nchini Uingereza, kamati ya Bunge inayochunguza masuala ya mazingira ilitoa ripoti kuhusu viwanja hivi mwezi Novemba 2018. Ilitaja makadirio ya viwanja kati ya 10,000 na 20,000, maana hakuna aliyekuwa na hesabu kamili. Mahali pasipohesabika ni vigumu pakaguliwe. Kule Marekani nako, ndugu zetu si haba wameingia kwenye udereva wa malori, na lori lenye rimu za alumini kumi linahitaji kuoshwa. Anayeliosha ni dereva mwenyewe au kijana wa zamu katika kituo cha kuoshea malori.

Sasa tueleze chuma chenyewe, maana ubishi mwingi hutokana na kutokijua. Alumini ni nyepesi, uzito wake kwa ujazo ni kama theluthi moja ya ule wa chuma cha pua, na ndiyo sababu hutengenezewa rimu. Haipati kutu nyekundu. Ikikutana na hewa hujivika mara moja utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Utando huo mwembamba ndio ngao yake. Unavumilia maji na sabuni ya kawaida, lakini hauvumilii asidi kali wala soda kostiki. Ndiyo maana dawa ya kusafishia oveni, ambayo baadhi yetu huipuliza kwenye rimu kwa kusikia habari za mtaani, huifanya alumini itoe mapovu: soda inakula metali, na mapovu yale ni gesi ya haidrojeni.

Isitoshe, rimu nyingi za magari madogo hazionyeshi alumini yake kabisa. Zimemiminwa kwenye kalibu, zikapakwa rangi, kisha zikafunikwa vanishi angavu. Unaposugua rimu hizo unasugua vanishi. Ule uchafu mweusi unaowakera wengi ni vumbi la breki, yaani chembe za diski na pedi zinazotoka zikiwa za moto, zikang'ang'ania kwenye vanishi na kushika kutu hapo hapo. Rimu za malori ni habari nyingine. Kampuni ya Alcoa ilianza kuuza rimu za lori za alumini iliyofuliwa mwaka 1948, na nyingi za aina hiyo huachwa wazi bila vanishi, zikang'arishwa metali yenyewe. Hizi ndizo hasa zinazomwagiwa asidi.

Na asidi hiyo inafanya nini? Inayeyusha uchafu pamoja na utando wa oksidi na tabaka la juu la alumini. Kwa dakika chache rimu huonekana mpya. Ikikaa zaidi, au ikirudiwa mara kwa mara, metali inakwanguka na kuwa na weupe wa maziwa, kisha uchafu wa safari inayofuata unapata vishimo vipya vya kujificha. Mteja anarudi, anamwagiwa tena. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mng'ao huu haustahili hata sifa ya mkakasi, kwa sababu mkakasi angalau hauharibiki kwa kupambwa.

Hayo ni ya rimu, na rimu hununuliwa nyingine. Tuzungumze juu ya mkono. Asidi ya hidrofloriki haifanani na asidi nyingine mnazozijua. Asidi ya betri ikikudondokea unaruka na kukimbilia maji, kwa kuwa maumivu yenyewe yanakuonya. Asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi kimya kimya. Ikifika ndani, floridi yake hukamata kalsiamu na magnesiamu za mwili, madini yaleyale yanayoimarisha mifupa na kuuongoza moyo upige sawasawa. Nyama hufa chini ya ngozi ambayo bado inaonekana nzima, mifupa ya vidole huweza kuliwa, na sumu ikiingia ya kutosha katika damu, moyo hupoteza mwendo wake na mtu hufa.

Hapa ndipo tunapowajibu wale wanaosema, "Sisi tunaichanganya na maji, haina neno." Ndugu zetu, kuichanganya na maji ndiko kunakoifanya iwe danganyifu zaidi. Iliyo kali sana huuma papo hapo. Iliyo chini ya asilimia 20, na hiyo ndiyo ya viwanjani, inaweza kukawia hadi saa 24 kabla ya kuuma. Kijana anamaliza zamu, anarudi nyumbani, anakula, analala. Usiku wa manane vidole vinaanza kuwaka moto, na wala hakumbuki kwamba asubuhi alichovya sponji bila glavu. Akifika hospitali anasema ameungua kwa sabuni. Daktari hakuambiwa kitu, naye anamtibu kama aliyeungua kwa sabuni.

Kwa anayedhani tunatia chumvi, tuitaje hesabu. Mwaka 2015 CDC, taasisi ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, ilichapisha taarifa kuhusu Jimbo la Washington peke yake. Kati ya mwaka 2001 na 2013, wafanyakazi 48 waliungua kwa asidi hii katika kazi ya kuosha magari na malori. Saba walilazwa hospitali, wawili kati yao wakahitaji upasuaji. Taarifa hiyo ilieleza pia kifo cha mwosha malori aliyekunywa dawa ya kuoshea yenye asidi hiyo. Miongoni mwa waliojeruhiwa walikuwamo madereva wa malori. Hao ni walioripotiwa, katika jimbo lenye utaratibu wa kuripoti. Anayelipwa taslimu, asiye na mkataba na anayeogopa kuulizwa karatasi zake, nani atamwandika?

Tunaijua hoja ya wenye viwanja. Wanasema asidi inamaliza rimu nne kwa dakika mbili, na njia nyingine ni dakika ishirini, na dakika ni pesa. Ni kweli, inaokoa muda. Lakini muda huo unaokolewa kwa mfuko wa nani na kulipwa kwa vidole vya nani? Kama kazi ni ya dakika ishirini, itozwe bei ya dakika ishirini. Mteja akiona ghali, aoshe mwenyewe Jumapili barazani kwake. Wengine hutuambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa, ainame. Methali hiyo inamtaka ainame, haimtaki auache mkono wake mvunguni.

Wala sheria haiko upande wao. Uingereza ina kanuni za mwaka 2002 kuhusu kemikali zenye madhara kazini, zinazomtaka mwajiri atumie dawa isiyo na hatari kubwa pale inapowezekana, na vifaa vya kinga atoe bila kumkata mfanyakazi senti. Marekani, mwajiri analazimika kuweka karatasi ya usalama ya kila kemikali mahali ambapo mfanyakazi anaweza kuisoma, na kumfundisha kwa lugha anayoielewa. Kama anaelewa Kiswahili peke yake, afundishwe kwa Kiswahili. Hiyo ni haki, si fadhila.

Na msihangaike na Kiingereza cha lebo. Kila kemikali ina namba yake duniani kote. Asidi ya hidrofloriki ni 7664-39-3. Ndugu yake amoniamu baifloridi, anayegeuka kuwa asidi ileile akikutana na maji na asidi nyingine, ni 1341-49-7. Ziandikeni namba hizo kwenye simu. Fungueni karatasi ya usalama, sehemu ya 3, panapoorodheshwa viambato. Mkiikuta mojawapo, chupa hiyo isiguswe. Na chupa isiyo na lebo ihesabiwe kuwa nayo mpaka ithibitike vinginevyo.

Je, rimu zikae chafu? Hasha. Mng'ao upo bila sumu hii, na sisi tuliosomea metali tunauthamini kama mtu mwingine yeyote. Kwanza, ijue rimu yako. Chukua kitambaa cheupe na dawa kidogo ya kung'arishia metali, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikigeuka cheusi, umegusa alumini tupu. Kikibaki cheupe, umegusa vanishi.

Yenye vanishi isiguswe kwa msasa wala stili wuli. Iache ipoe, imwagie maji, ioshe kwa shampuu ya gari na brashi laini, rimu moja baada ya nyingine, na ndoo yake iwe mbali na ndoo ya bodi. Vumbi la breki lililoganda lina dawa zake zisizo na asidi, zile zinazogeuka zambarau zikikutana na chembe za chuma. Zinanuka kama yai bovu na zinahitaji glavu, lakini hazili mfupa. Ukiona michirizi meupe inayotambaa kama minyoo chini ya vanishi, jua kwamba alumini inaoza ndani. Hapo hakuna dawa ya kupuliza itakayosaidia, hata iwe kali vipi. Rimu hiyo inapelekwa kwa fundi ikachunwe na kupakwa upya.

Alumini tupu, kama ya malori, huoshwa kwanza, kisha hung'arishwa kwa dawa ya metali na kitambaa cha pamba. Iliyokwaruzika hupigwa msasa wa maji, namba 400, halafu 600, 1000 na 2000, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia, ndipo ipakwe dawa na mwisho nta. Majira ya baridi, chumvi ya barabarani ioshwe mapema. Ni kazi ya mikono na subira. Mng'ao wake hudumu, kwa sababu ni alumini yenyewe iliyolainishwa.

Na kama asidi imekwisha mwagika, msingoje maumivu. Vua glavu, pete na nguo zilizolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, paka jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 kama ipo, na nenda hospitali hata kama huumwi. Piga 911 Marekani au 999 Uingereza. Mwonyeshe daktari ile namba 7664-39-3, naye ataelewa mara moja.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Wenye viwanja, na baadhi yenu ni ndugu zetu wa damu, ondoeni dawa hizo wiki hii. Wateja, kabla ya kukabidhi ufunguo ulizeni kinachomwagwa kwenye rimu, na mkijibiwa kwa kucheka ondokeni na gari lenu chafu. Jumuiya, chapisheni namba zile mbili kwa Kiswahili mzibandike misikitini, makanisani na kwenye maduka yetu ya unga na viungo. Mchuma janga hula na wa kwao, na kidole cha kijana kikikatwa huku, ada ya shule ya mdogo wake kule nyumbani nayo imekatwa.