Wanaomcheka Fundi wa Kawajense, Watuambie Kerezo Liko Wapi

Wako watu katika nchi hii ambao wakisikia kwamba kijana wa Kitanzania ataka kuunda injini ya jeti kwa mikono yake, hushika mbavu. "Jeti? Kawajense? Katika vumbi lile la Mpanda?" Hucheka mpaka machozi, kisha wakaagiza chai nyingine. Sisi hatucheki. Kicheko hicho tunakijua kilikotoka. Ni kasumba ile ile ya siku za ukoloni, ya kwamba mtu mweusi kazi yake ni kukaza nati, na kuikereza nati ni kazi ya watu wengine ng'ambo.

Hebu kwanza mabwana hao waielewe injini yenyewe. Injini ya jeti, wananchi, haina uchawi. Mbele kuna gurudumu la mapanga linalovuta hewa na kuishindilia. Hewa hiyo huingia katika chemba, ikanyunyiziwa mafuta ya taa, ikawaka mfululizo. Moto unaotoka hulisukuma gurudumu la pili, nalo limefungwa kwenye shafti moja na lile la kwanza. Basi la nyuma hulizungusha la mbele, na nguvu iliyobaki hutoka nyuma kwa kishindo. Ni hayo tu. Kila dereva wa Scania anayeingia Mpanda amebeba magurudumu hayo mawili chini ya kichwa cha lori lake, ndiyo tabo. Ndiyo maana mafundi wa nchi nyingi huanza na tabo kuukuu la lori, wakaliundia chemba ya moto kwa bamba la chuma kisichoshika kutu.

Mapanga ya namna hiyo hiyo yazunguka Kinyerezi, yakichoma gesi yetu ya Songosongo na Mtwara ili kutupa umeme. Yamo pia katika ndege za Q400 za Shirika letu la ATCL. Yote tumeyanunua. Na mwaka 2022 ndege zetu za Airbus A220 zilipolazwa chini kwa matatizo ya injini, taifa zima lilikaa likingoja wenye kiwanda huko ng'ambo watuambie lini tutaruka. Siku zile hatukusikia mtu akicheka.

Sasa tuseme ukweli ambao wenye kusifu hawapendi kuusema. Injini hii ni rahisi kuieleza, ni ngumu kuitengeneza. Injini ndogo, yenye gurudumu la upana wa sentimita 6, yaweza kuzunguka kiasi cha mara 100,000 kwa dakika moja. Pigeni hesabu: ncha ya panga hukimbia mita zaidi ya 300 kila sekunde. Shafti ikipinda kwa unene wa unywele, beringi hufa papo hapo. Gurudumu likipasuka, vipande vyake huruka kama risasi, na risasi haichagui aliyecheka na aliyeshangilia. Kwa hiyo shafti haikatwi kwa grainda na kumaliziwa kwa tupa. Hukerezwa, ikasagwa, ikapimwa kwa maikromita kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Nalo gurudumu husawazishwa uzito: huondolewa chembe ya chuma hapa, chembe pale, likajaribiwa tena na tena mpaka litulie.

Hapo ndipo penye shina la maneno yetu. Fundi wa kando ya barabara ana mashine ya kuchomelea. Ana grainda, ana drili, ana jicho, na subira anayo tele. Kerezo hana. Maikromita hana. Mtu wa kumwambia chuma gani huvumilia joto na chuma gani hulegea kama ugali, huyo naye hana. Kisha mtu aliyeshiba anakuja kumcheka kwamba injini yake haijanguruma!

Kuelekea mwaka 1990, Mjerumani mmoja, Kurt Schreckling, aliunda injini ndogo ya jeti ya kurushia ndege za mfano. Hakuwa na kiwanda cha ndege. Gurudumu la kushindilia hewa alilitengeneza kwa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, ndiyo, mbao. Na lile la motoni alilikata katika bamba la chuma, akayapinda mapanga. Lakini alikuwa na zana za karakana ya nyumbani, na kerezo likiwa mojawapo. Mbao na bamba, hata Kawajense vipo.

Na Waingereza, waliotufundisha kujidharau, wao walimfanyaje mtu wao? Frank Whittle alipeleka hati yake ya injini ya jeti mwaka 1930. Wakubwa wa wizara wakamwambia jambo hilo haliwezekani. Mwaka 1935 hati hiyo ikaachwa ife kwa kukosa ada ya pauni 5. Aprili 12, 1937, injini yake ikanguruma. Tofauti ya Whittle na kijana wetu haikuwa katika vicheko. Whittle alipozungushwa na wizara, nchi yake ilikuwa imejaa viwanda vyenye makerezo, akapata mahali pa kuchongewa vipande vyake. Kijana wetu ageukie wapi?

Mpanda yetu hii inayo hadithi yake katika jambo hili. Kampuni ya Uruwira ilipochimba risasi ya madini, shaba na fedha hapa, serikali ya kikoloni haikusita kujenga reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua. Ilifunguliwa mwaka 1950. Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1952, ndege ya kwanza ya abiria ya jeti, Comet, ilianza safari za London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe na Livingstone. Chukueni ramani, pigeni mstari kati ya miji hiyo miwili ya mwisho, mtaona wapita karibu na Ziwa Tanganyika, upande wetu huu. Baba zetu walikuwa shimoni. Mwaka 1960 machimbo yakafungwa. Reli ilibaki, na tunaipanda hata leo. Lakini ile mali ilipanda behewa ikaenda zake, na hakuna aliyeona lazima kumwachia mtoto wa Mpanda ufundi wa kuzaa mashine.

Tusiwalaumu wakoloni peke yao, maana kufanya hivyo ni uvivu. Baada ya Uhuru tulijua dawa. Tuliunda SIDO mwaka 1973. Kule Mang'ula kulikuwa na karakana kubwa ya vyuma iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA. Kibaha pale Nyumbu wakaunda lori. Na katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Wabulgaria, tulijenga huko Hai, Kilimanjaro, kiwanda cha mashine zinazotengeneza mashine nyingine. Hicho kilikuwa tumbo la uzazi la viwanda vyote! Kisha tukaambiwa soko huria limekuja, kununua ni rahisi kuliko kutengeneza. Tukaacha Mang'ula na Hai zipoe. Kiwanda cha Hai kimeanza kufufuliwa miaka ya karibuni, nasi twafurahi. Lakini hesabuni miaka iliyopotea, na vijana waliozeeka humo.

Tena wako wabaya kuliko wanaocheka: wanaokuja na kamera. Mwishoni mwa miaka ya 2010 fundi mmoja wa Tunduma aliunda helikopta, picha zake zikazagaa nchi nzima. Tumeona desturi ilivyo katika mambo kama haya. Mkubwa hufika, hupiga picha mkono ukiwa juu ya chuma, husema "serikali itamwangalia", huondoka. Mwingine hufika na onyo: marufuku kurusha. Onyo hilo twalikubali, kwani maisha ya watu si mchezo. Lakini onyo bila zana na bila mwalimu ni kufuli tu.

Wengine hutuuliza: jeti ya nini, Mpanda yahitaji makarasha ya wachimba dhahabu, mashine za kukoboa mpunga na kukamua alizeti? Vema sana. Kerezo linalochonga shafti ya jeti ndilo hilo hilo linalochonga shafti ya karasha, na mkono uliozoea sehemu moja ya mia ya milimita hautashindwa na puli ya kinu. Mchimbaji ambaye shafti yake imekatika, akaipakia kwenye basi kwenda kutafuta mkerezaji mji mwingine, anajua gharama ya siku kumi bila kazi. Mwulizeni yeye.

Fedha zisisingiziwe. Sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Twataka sehemu ya fungu hilo la vijana ikopeshwe kikundi cha mafundi wa Kawajense: kerezo moja zuri, hata kama limekwisha kutumika, seti ya vipimo, na mkufunzi wa VETA wa kukaa nao mpaka waive. Chumba cha kujaribia injini kijengwe mbali na nyumba za watu, kwa kuta nene, na asiingie mtu gurudumu likizunguka.

Jambo hili na lifikishwe mbele ya madiwani wa Manispaa ya Mpanda katika kikao cha bajeti, nasi tuwepo tukisikiliza. Diwani atakayelipinga asimame, atutajie ni wapi shafti ya karasha itakerezwa juma lijalo.