Ndoa changa hazijengwi kwa neno "vumilia"



Juma hili twapenda kusema wazi jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu tutokapo Misani. Mke kijana akipigwa na mumewe, sisi humwambia: "Vumilia mwanangu, mambo ya ndani hayatoki nje." Huo si unyenyekevu wa Kikristo. Ni kumfunika mkosaji na kumwacha aliyeumizwa peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wapo wanaoisoma Waefeso sura ya 5 kana kwamba inaishia pale mke anapoambiwa atii. Waendelee kusoma: mume ameagizwa ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Nani huupiga mwili wake? Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme iwavyo.

Hata hivyo, mahubiri na sheria pekee havitoshi. Nchini Rwanda, katika miaka ya 2010, mpango wa Indashyikirwa uliwakutanisha wake na waume kutoka vikundi vya kuweka na kukopa kwa vipindi 21. Walijifunza pamoja matumizi ya madaraka nyumbani, kuzuia hasira na kupanga fedha. Ukatili katika ndoa hizo ulipungua sana. Uhamasishaji wa jamii nzima, ndani ya mpango huohuo, haukuzaa matunda kama hayo.

Nasi je? Twawafundisha wachumba kwa muda mfupi, twafungisha ndoa, twala pilau, basi. Hapa Msata penye njia panda, wako vijana wanaoanza maisha mbali na wazazi wao. Jumuiya Ndogo Ndogo tunazo tayari. Kwa nini kila moja isiwe na kikundi cha ndoa changa, kinachokutana mara kwa mara?

Lakini aliye hatarini asilazimishwe kusema mbele ya anayempiga. Asikilizwe faraghani, asindikizwe hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Tusimrudishe kwenye kipigo kwa jina la suluhu.

Wanandoa wakongwe, tangulieni. Wasimulieni vijana hata makosa yenu. Msalaba tulioitwa kuubeba si fimbo ya mume.

Mungu azibariki familia zetu.