Tujifunze Kuyasema Maono Yetu Kabla ya Kupanda Jukwaani

Tulialikwa wakati mmoja kuzungumza na wakazi wa kijiji cha Soweto West, Kibera, katika ukumbi wa kanisa uliojengwa kwa mabati. Tulisema kwa muda wa karibu saa nzima. Tulitaja Katiba ya 2010, tukataja haki ya makazi iliyomo katika kifungu cha 43, tukataja utawala bora. Tulipomaliza, mama mmoja muuza maji alisimama, akatushukuru kwa adabu, kisha akauliza: "Wakili, siku tingatinga litakapokuja, mimi mpangaji nitalala wapi?"

Ukumbi ulinyamaza, nasi tukanyamaza. Swali hilo halikuwa la kubuni. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na hata shule ndani ya Kibera ili kupisha barabara. Tulikuwa na maono ya nchi yenye haki, lakini hatukuwa tumejifunza kuyasema mbele ya mtu ambaye maono hayo yanamgusa.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mwingine kabla ya kujilaumu sisi wenyewe. Sisi wanaharakati, mawakili na waumini tumezoea kudhani kwamba jambo likiwa jema litajieleza lenyewe. Historia yetu yashuhudia kinyume.

Na tukumbuke tulikotoka. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba upepo ulioangusha tawala za chama kimoja katika Ulaya ya Mashariki ungefika Afrika pia. Tarehe 7 Julai mwaka huohuo wananchi walielekea Kamukunji ingawa serikali ilikuwa imeupiga mkutano marufuku. Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa na mfumo wa vyama vingi ukarejea. Dai lilikuwa moja, na kila mtu alilielewa, tangu askofu hadi mchuuzi: mlango ufunguliwe.

Mlango ulipofunguka tuliulizwa swali la pili: mkiingia ndani, mtajenga nini? Hapo kila kiongozi alikuwa na jibu lake. FORD ilipasuka kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, na Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Tamaa ya madaraka na ukabila vilichangia pakubwa, wala hatukani. Hata hivyo lilikuwapo na kosa jingine: tulikuwa hodari wa kutamka tunachokikataa, bali hatukuwa tumejizoeza kutamka tunachokitaka.

Mfano wa karibu zaidi ni wa jirani zetu wa Soweto East. Mwaka 2003 serikali ilitia sahihi makubaliano na shirika la UN-HABITAT ya kuboresha mitaa ya mabanda, na Soweto East ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Maono yale yalikuwa mema, kwani ni nani anayeikataa nyumba imara yenye maji na choo? Lakini wananchi walikuwa na maswali ya kawaida. Kodi itakuwa kiasi gani? Atakayerudi ni mpangaji au mwenye nyumba? Mwaka 2009 shirika la Amnesty International lilieleza wasiwasi wake kwamba wakazi hawakuwa wameshirikishwa vya kutosha. Septemba mwaka huo familia za kwanza zilihamishiwa nyumba za muda huko Lang'ata, huku baadhi ya wenye nyumba wakikimbilia mahakamani. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa mwaka 2016, yaani miaka 13 baada ya makubaliano yale. Hatusemi kwamba miaka hiyo yote ilipotea kwa sababu ya maneno. Twasema kwamba mahali palipokosa jibu la wazi, uvumi ulijibu.

Sheria nayo iko upande wa mwananchi anayeuliza. Katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco mwaka 2019, Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli, wala si wa kujipamba. Jambo linalozungumzwa lazima lieleweke, na njia ya kushiriki iwe rahisi. Twaamini kwamba kipimo tunachokitumia kuihukumu serikali ndicho tunachopaswa kujipimia sisi tunaoomba uongozi.

Basi twapendekeza mazoezi. Jumuiya ndogondogo, kamati za haki na amani na vikundi vya vijana hukutana mara kwa mara. Hapo ndipo mahali pake. Waketi watu kumi katika benchi moja: mpangaji, mwenye nyumba, muuza maji, kijana wa bodaboda, mwalimu wa chekechea, mzee wa kijiji, na wengineo. Anayetaka uongozi apewe dakika tano, aseme kwa Kiswahili, bila karatasi. Kisha kila mmoja amwulize maswali manne: nitapata nini, nitapoteza nini, nani atalipa, na lini? Mwishoni msikilizaji mmoja arudie kwa maneno yake alichokisikia. Akirudia jambo jingine, kosa ni la msemaji, na aanze upya.

Jambo kuu ni lile benchi moja. Desturi yetu ya siasa ni kumwambia mpangaji kwamba kodi itashuka, na jioni hiyohiyo kumwambia mwenye nyumba kwamba hatapoteza hata senti. Mbele ya wote wawili wakiwa wameketi bega kwa bega, maneno hayo mawili hayawezi kusemwa kwa kinywa kimoja. Msemaji atalazimika ama kutafuta njia ya haki kwa wote wawili, ama kumwambia mmoja wao ukweli mchungu. Nehemia alizikagua kuta za Yerusalemu usiku, na watu wachache, kabla ya kuwaambia wenzake wazo lake. Na maskini walipolia juu ya madeni, aliwakabili wakubwa mbele ya mkutano wote, si faraghani.

Wako watakaosema kwamba mazoezi ni uigizaji, na kwamba msema kweli hahitaji kujizoeza. Twawauliza: kwaya zenu hazifanyi mazoezi kabla ya Jumapili? Wakili mwadilifu naye hujizoeza kabla ya kusimama mbele ya jaji, kwa kuwa akikosea, mteja wake ndiye atakayeadhibika. Kiongozi asiyejieleza vyema humwadhibu mpangaji vivyo hivyo.

Sisi wenyewe tulifanya mazoezi hayo, kisha tukarudi Soweto West. Safari hii tulisema kwa dakika tano. Tulimweleza yule mama kwamba mwaka 2021, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba waliobomolewa makao yao mwaka 2011, Mahakama ya Juu ilitambua kwamba hata wasio na hati, wakiishi katika ardhi ya umma, wana haki ya makazi wanapokabiliwa na kufukuzwa. Tulimwambia pia kwamba hukumu si paa, na kwamba hatukuwa na nyumba ya kumwahidi. Tulichoweza kuahidi ni kudai, pamoja naye, kwamba orodha ya wapangaji iandikwe kabla ya bomoabomoa yoyote. Mwenye nyumba aliyeketi karibu naye hakufurahi, naye alisema hivyo waziwazi.

Mama alifikiri kidogo, akasema: "Sasa nimesikia. Bado sijakubali, lakini nimesikia." Tukaendelea na mazungumzo kutoka hapo, naye mwenye nyumba hakuondoka.