Wanaoililia Theluji ya Kibo Waukumbuke Msitu

Kiangazi kikikaza Moshi, mabomba yakaanza kutoa upepo na mifereji ya Uru na Kibosho ikapungua, hurudi kauli ile ile sokoni, kwenye daladala na hata majukwaani: theluji ya Kibo inakwisha, ndiyo maana maji yanakwisha. Watu wanaiamini kwa sababu jicho lenyewe linashuhudia. Wazee wanakumbuka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kikiwa kimevaa kofia nyeupe mwaka mzima, na leo vimebaki vipande vipande. Hata hivyo kauli hiyo si sahihi, na hasara yake ni kubwa kuliko kosa la darasani. Mtu akiamini kwamba maji yake yanatoka kwenye barafu iliyo juu ya mita 5,000, barafu asiyoweza kuizuia isipungue, hana la kufanya ila kusikitika. Akijua yanakotoka hasa, ataona kwamba kazi nyingi iko ndani ya uwezo wake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 ilikuwa chini ya kilomita za mraba 2. Wanasayansi waliochimba na kupima barafu hiyo, akiwemo Lonnie Thompson wa Marekani, walikuta kwamba unene wake ulikuwa ukipungua kwa wastani wa kama nusu mita kwa mwaka. Kilomita za mraba 2 zikipungua nusu mita, kinachotoka ni kama mita za ujazo milioni 1. Upande wa pili upo msitu unaouzunguka mlima, wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 1,000. Hata mvua yake ikikadiriwa kwa unyenyekevu kuwa milimita 1,500 tu kwa mwaka, maji yanayouangukia ni mita za ujazo bilioni 1.5. Hiyo ni mara 1,500 ya kinachotoka kwenye barafu. Tena sehemu ya barafu ile haiyeyuki kabisa: katika hewa kavu na jua kali la kileleni hugeuka mvuke moja kwa moja, ikapotea angani bila kudondosha tone.

Kwa hiyo mto Karanga, Weruweru, Kikafu, Rau na Himo ni mito ya mvua na msitu. Mwenye kutaka kuielewa sharti aanzie mbali, baharini.

Bahari ya Hindi iko kama kilomita 300 kutoka Moshi. Jua huupasha uso wake joto mchana kutwa, maji yakapanda kuwa mvuke, na mvuke huo hauonekani kwa macho. Upepo huubeba. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, kusi hufuata, na kati ya zamu hizo mbili ndipo huja misimu ya mvua: vuli kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba, masika kuanzia Machi hadi Mei. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, na tofauti yake ni kubwa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 za mvuke. Kwa nyuzi 20 hubeba gramu 17, na kwa nyuzi 10 gramu 9 tu. Hewa ikipoa, kinachozidi hakina pa kukaa. Hushikana na chembe ndogo za vumbi au chumvi ya bahari, kikawa matone. Mtoto wa shule anaweza kuliona jambo hili mezani: soda iliyotoka kwenye jokofu hutoa jasho nje ya chupa, na jasho hilo halikutoka ndani ya chupa bali katika hewa ya chumba.

Sasa hewa hiyo ya baharini inavuka nyika ya Mkomazi na Kahe bila kikwazo kikubwa, kisha inakutana na ukuta. Haiwezi kupita katikati ya mlima, hivyo inapanda. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Ndiyo sababu mlima ulio nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta una barafu, jambo ambalo wasomi wa Ulaya hawakulikubali. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona weupe wa Kibo tarehe 11 Mei 1848, alisikia kutoka kwa kiongozi wake wa safari jibu la neno moja, "baridi". Alipoandika habari hizo, mwanajiografia Desborough Cooley aliyekaa London alimbishia kwa miaka mingi. Mtu aliyeuona mlima alikuwa amesema kweli, na mwenye vitabu alikuwa amekosea.

Mji wa Moshi hupata kama milimita 900 za mvua kwa mwaka. Mtu akipanda Kibosho au Machame mvua inaongezeka kwa kila kijiji, mpaka ndani ya msitu, kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, inapopita milimita 2,500. Hapo ndipo mawingu yanapotua mzigo wao. Juu zaidi mvua hupungua upesi, kwa kuwa mvuke umekwisha kudondoka na mawingu mengi hayafiki huko. Kileleni hupatikana takriban milimita 200 kwa mwaka. Dodoma, ambayo kila mtu huijua kwa ukame, hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Kilele kinachotazamwa kama tanki la maji la mkoa ni jangwa.

Mlima huo huo una upande mkavu. Pepo za masika zinapopiga kusini, Machame, Uru, Old Moshi, Kilema na Marangu hunyeshewa, lakini hewa inayozunguka na kushuka upande wa kaskazini imekwisha kumwaga maji yake. Wakazi wa Rombo chini na wa Siha magharibi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kazi ya mlima ya kukusanya mawingu haingoji masika tu. Kibo huonekana wazi alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi mara nyingi imekwisha kufunikwa. Jua linapopasha miteremko, hewa iliyo karibu na ardhi huwa nyepesi ikapanda bondeni kuelekea mlimani, ikachukua mvuke wa mashamba na migomba. Inapofika kwenye baridi, mawingu hujikusanya. Usiku hewa ya juu hupoa, ikawa nzito, ikashuka. Ndio ule upepo wa baridi unaofika vijijini jioni. Mwezi Juni hadi Agosti mawingu hayo hukaa siku nzima juu ya mteremko wa kusini, na watu hulalamika kwamba jua limepotea. Kumbe msitu wakati huo unakunywa.

Unakunywa kweli. Ukungu unapopita kati ya miti, matone madogo yasiyo na uzito wa kuanguka yenyewe hunaswa na majani na mimea laini inayoning'inia kwenye matawi, kisha hudondoka chini. Mahali palipo wazi ukungu huo ungepita zake. Miti inayofanya kazi hii vizuri ni ile ya juu kabisa, hasa miti ya erika inayokua karibu na mwinuko wa mita 3,000. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo mingi, alilinganisha picha za setilaiti za mwaka 1976 na 2000 akaona kwamba moto ulikuwa umeusukuma mpaka wa juu wa msitu kuelekea chini. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005 alieleza kwamba karibu kilomita za mraba 150 za msitu wa mawingu zilikuwa zimeangamia kwa moto katika miongo mitatu, na kwamba hasara ya maji iliyotokana na hilo inaifanya hasara ya barafu ionekane ndogo.

Maneno hayo yalistahili kusomwa katika kila kanisa, kila msikiti na kila mkutano wa kijiji mkoani Kilimanjaro. Barafu hupigwa picha na dunia nzima. Msitu wa erika unaungua, na habari zake zinasahaulika baada ya wiki mbili.

Oktoba 2020 moto ulizuka mlimani, mamia ya watu wa kujitolea wakapanda kusaidia kuuzima, na hadi mwisho takriban kilomita za mraba 95 zilikuwa zimeungua. Oktoba 2022 ukazuka mwingine karibu na kambi ya Karanga. Mlima huu hauna volkano inayotema moto wala radi nyingi wakati wa kiangazi. Moto mwingi unatoka mikononi mwa watu: mpishi wa kambi asiyezima jiko, mwenye kurina asali kwa mwenge, mwenye kuchoma nyasi upepo ukiwa mkali. Mrina asali hapaswi kunyang'anywa riziki. Apewe mizinga ya kisasa aiweke ukingoni mwa msitu, na afundishwe kutumia bomba la moshi badala ya mwenge. Kampuni za utalii ziwajibike kwa kila jiko linalowashwa na wapagazi wao. Na kijana anayeona moshi mahali pasipostahili asidhani kwamba mwingine amekwisha kutoa taarifa.

Maji yakishafika chini ya miti hushika njia ndefu. Udongo wa volkano uliofunikwa na majani hunywa mvua polepole, maji yakapenya kwenye nyufa za miamba, yakatembea gizani, kisha yakatokeza chini kama chemchemi. Moshi mjini hunywa maji ya chemchemi kama Nsere na Shiri. Kule Kikuletwa, karibu na Boma Ng'ombe, maji ya Chemka huchimbuka safi katikati ya nyika kavu. Mito hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ikaendelea kuwa mto Pangani, ikazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, na mwishowe ikarudi katika Bahari ya Hindi ilikotoka. Taa inayowaka Tanga ina deni kwa ukungu wa Kibosho.

Pale ardhi ilipovuliwa nguo, njia hiyo hukatika. Tone kubwa la mvua hupiga udongo mtupu, huziba vitundu vyake, na maji hukimbia juu juu na kwenda na udongo. Mafuriko yanayowafika watu wa Kahe na Mabogini wakati wa masika, na ukame unaowafika miezi michache baadaye, ni jambo moja lenye nyuso mbili. Aprili 2024, baada ya miezi ya mvua za El Niño, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini. Mvua kubwa ya namna hiyo hutokana na joto la bahari, na hakuna kijiji kinachoweza kuizuia. Kijiji kinaweza kuamua ikute nini ardhini.

Yupo atakayeuliza kama basi barafu haina maana. Ina maana kubwa. Kupungua kwake ni ushahidi wa tabianchi inayobadilika: hewa imekuwa kavu zaidi mlimani tangu mwishoni mwa karne ya 19, na dunia nzima inapata joto. Hewa ya ukaa, iliyopimwa huko Hawaii mwaka 1958 ikiwa sehemu 315 katika milioni, sasa imepita 420. Mkulima wa Marangu amechangia kidogo mno katika hilo, na serikali za nchi tajiri zinastahili kudaiwa. Madai hayo yaendelee. Ila mti wa mringaringa uliokatwa ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, haukukatwa na mtu wa Ulaya.

Wachagga wa zamani waliyajua haya bila darasa. Walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, ikafuata kingo za mlima kwa vipimo vya macho, wakajenga nduwa za kuhifadhi maji ya usiku, wakapangiana zamu, na asiyekwenda kusafisha mfereji hakupata maji. Kihamba chenyewe kilikuwa msitu mdogo: mringaringa na mruka juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba. Mwaka 1967 mkoa ulikuwa na watu karibu 650,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8. Vihamba vimegawanywa mpaka vingine havitoshi nyumba na kaburi. Kwa hali hiyo kila mti uliobaki una kazi kubwa zaidi kuliko ule wa enzi za babu, na anayeukata kwa ajili ya mbao za wiki moja apande mingine kabla ya kuuangusha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Viongozi wa vijiji waende na kamba, wapime, na waanze na mashamba yao wenyewe.

Shule nazo zisingoje fedha za mradi. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa uwanjani mbali na miti na kupimwa kwa rula kila saa tatu asubuhi, linatosha kuanzisha daftari la mvua. Siku moja ya mvua haisemi lolote juu ya tabianchi. Wataalamu hutumia wastani wa miaka 30. Daftari likianzishwa na darasa la sasa na kupokezanwa, Uru na Mwika zitakuwa na kumbukumbu ambayo hata Mamlaka ya Hali ya Hewa itaitamani, na ubishi wa kama vuli imepungua utajibiwa kwa takwimu za hapo hapo.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyumba yenye bati la mita 10 kwa 6, mvua ya milimita 20 ikinyesha alasiri moja, inapokea lita 1,200, na kwa mwaka mzima wa Moshi mjini lita 54,000. Nyingi humwagika uani na kuchimba korongo kwa jirani. Gata za bati na tanki vina gharama, na familia nyingi zitaanza na mapipa mawili; zianze nayo. Mvua za kwanza za masika hufika Machi, basi kazi ya kufunga gata na kusafisha mapaa ifanyike Februari, wiki zile zile ambazo mifongo huzibuliwa.